VUMBI LA VITA, KUTOKA BADRI HADI TABAS

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii wengi mmenitumia ile video ya mabaki ya helikopta za Marekani zilizoungua katika jangwa la Iran. Maneno yaliyoandikwa juu yake yanasema Allah aliliangamiza jeshi lile kwa tufani ya mchanga, kama alivyowaangamiza watu wa tembo. Baadhi yenu mmeniuliza kama ni kweli. Wengine hamkuuliza, mmeisambaza tu. Basi leo kaa kitako, ndugu yangu, chukua kahawa yako, tulizungumze jambo hili kwa urefu, kwa sababu kumnasibisha Allah na tukio fulani si jambo la kubonyeza na kupita.

Kwanza tukubaliane hivi: vumbi si kitu kidogo katika dini yetu. Katika Surat al-Aadiyaat Allah anaapa kwa farasi wakimbiao wakihema, watimuao vumbi alfajiri. Bwana Mtume (s.a.w.) katika siku za Khandaq alibeba udongo pamoja na masahaba zake mpaka vumbi likafunika weupe wa tumbo lake, kama alivyosimulia al-Baraa bin Aazib katika Sahih al-Bukhari. Na vita vile vilipokwisha, Jibril alimjia kichwa chake kimejaa vumbi, hiyo ameisimulia mama yetu Aisha (r.a.). Na sisi Mashafii wa pwani tunajua kuwa tayamamu haisihi ila kwa udongo wenye vumbi linaloshika mkononi. Mchanga mtupu usio na vumbi hautoshi.

Shika vizuri hilo la mwisho. Mafakihi wetu walitofautisha mchanga na vumbi karne nyingi kabla ya wahandisi wa majeshi, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kisa chote hiki. Punje ya mchanga ni nzito. Upepo unairusha kidogo, inadunda, inaanguka. Lakini kila inapodunda inagonga ardhi na kufumua kilicho laini zaidi, na hicho kilicho laini, kama unga wa ngano, ndicho kinachopanda juu na kubaki hewani saa nyingi hata upepo ukishatulia. Mchanga unakuumiza usoni, vumbi linakunyima macho na kuingia mapafuni.

Sasa twende Badri, mwezi 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, sawa na mwaka 624. Waislamu walikuwa mia tatu na zaidi kidogo, Makuraishi kiasi cha elfu moja. Ardhi ya bonde lile ni laini, mguu unazama. Usiku wa kuamkia vita ikanyesha mvua. Katika Surat al-Anfaal, aya ya 11, Allah anawakumbusha waumini neema ya maji yale: yaliwatakasa, yakaziimarisha nyoyo, yakaithibitisha miguu yao. Wanasira wanaeleza kwamba upande wa Waislamu mchanga ulishikana ukawa mgumu wa kukanyagika, na upande wa Makuraishi ukawa tope la kuwakwamisha.

Angalia alichofanya Mtume (s.a.w.) katika usiku huohuo. Hakulala akisubiri mvua imfanyie kazi. Alisogea kwenye visima kwa shauri la al-Hubaab bin al-Mundhir, akapanga safu, akasimama anaomba mpaka shuka yake ikamwanguka mabegani. Alipochukua konzi ya udongo na kuwarushia makafiri, ambayo aya ya 17 inaizungumzia, alikuwa tayari yuko uwanjani mbele ya jeshi lililopangwa. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosimulia Badri kama kwamba Waislamu walikuja kutazama.

Tuje Tabas.

Mnamo Novemba 1979 wanafunzi wa Iran waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Hadi kufikia Aprili 1980 mateka 53 walikuwa wangali wanashikiliwa. Rais Jimmy Carter akakubali mpango wa kuwaokoa kwa nguvu. Ndege kubwa za mizigo aina ya C-130 ziliruka kutoka kisiwa cha Masirah, Oman (ndugu zetu mlioko Oman mnakijua). Helikopta nane ziliruka kutoka manowari ya Nimitz katika Bahari ya Arabu. Zote zilikuwa zikutane usiku mahali patupu jangwani karibu na Tabas, helikopta zijazwe mafuta, kisha ziende Tehran. Ilihesabiwa kwamba zikibaki chini ya sita, safari haiwezekani.

Usiku wa tarehe 24 Aprili helikopta ziliingia Iran zikiruka chini chini kukwepa rada. Moja ikatoa ishara ya hitilafu kwenye pangaboi, ikaachwa njiani. Zilizobaki zikaingia ndani ya wingu la vumbi. Hapa ndipo video yenu inapokosea. Wengi wanafikiri ilikuwa tufani inayovuma na kung'oa vitu. Lilikuwa vumbi laini lililoning'inia hewani, aina ile Waarabu wanayoiita habubu, upepo uliolirusha ukiwa umeshaondoka. Marubani walikuwa ndani ya kitu kama maziwa, joto kali, hawaoni ardhi wala mwenzao. Rubani mmoja, vyombo vyake vikiwa vimeanza kufa, akageuza kurudi manowarini.

Baadaye tume iliyoongozwa na Admirali James Holloway ilichunguza, na ripoti yake ya mwaka huohuo wa 1980 ina mambo ya kusikitisha hata kwa asiyewapenda. Wataalamu wa hali ya hewa walijua kwamba mawingu ya vumbi kama hayo hutokea katika eneo lile. Lakini usiri ulikuwa mkubwa mno kiasi kwamba hawakukutanishwa na marubani wakaongea ana kwa ana. Ndege za C-130 zilizotangulia zililiona vumbi, lakini redio zilikuwa zimekatazwa, helikopta zilizokuwa nyuma zisipate habari. Na yule rubani aliyegeuza, lau angeambiwa kwamba mbele kule Tabas anga ni jeupe, angeendelea. Hakuambiwa.

Zikafika sita. Moja ikagundulika mfumo wake wa haidroliki umekufa. Zikabaki tano, kazi ikavunjwa, wakaamriwa waondoke. Mpaka hapo, ndugu yangu, hakuna aliyekufa.

Waliokufa walikufa wakati wa kuondoka. Helikopta moja ilitakiwa isogezwe kidogo ili kupisha ujazaji mafuta. Ilipoinuka, pangaboi lake likatimua vumbi la pale chini. Rubani akapoteza kila alama ya kumwonyesha kama anakwenda mbele au pembeni. Akayumba, akaigonga C-130 iliyojaa mafuta. Wakafa watu wanane. Wengine wakakimbilia ndege zilizobaki, wakaziacha helikopta jangwani, na ndizo mnazoziona kwenye video.

Kwa hiyo vumbi lililoua lilipandishwa na chombo chao wenyewe, anga likiwa limetulia.

Najua Ayatollah Khomeini alisema chembe zile za mchanga zilikuwa zimetumwa na Mwenyezi Mungu, na pale jangwani umejengwa msikiti wa shukrani. Sina haja ya kubishana na mtu aliyeshukuru kwa kuepushwa na uvamizi, na hakuna Muislamu anayekataa kwamba kila chembe inakwenda kwa idhini ya Allah. Ninachokikataa ni hatua inayofuata, pale mtu anaposema: basi jangwa liko upande wetu, tusijishughulishe.

Maana baada ya Tabas wale walioshindwa walifanya nini? Hawakukaa kulilaumu jangwa. Walitengeneza kikosi maalumu cha helikopta za usiku mwaka 1981, na mwaka 1987 wakaweka kamandi moja ya vikosi maalumu vyote ili wasirudie ile hali ya huyu hamjui yule. Wakaanza kulisoma vumbi kama somo.

Mwaka 2003 tukaona matokeo. Wenye umri wangu mnakumbuka. Mwishoni mwa mwezi Machi, jeshi la Marekani likiwa njiani kwenda Baghdad, ikapiga tufani ya vumbi kubwa ajabu, anga likawa la rangi ya chungwa, mvua ikashuka ikiwa tope. Misafara ikasimama, helikopta zikakaa chini. Katika misikiti mingi ya dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, walisimama watu juu ya mimbari wakatangaza kwamba hilo ndilo jeshi la Allah, Abraha kafika mwisho wake. Takbira zikapigwa. Vifaru vya Iraq vikajaribu kusogea vikijificha ndani ya vumbi. Lakini ndege za juu zilikuwa na rada zinazoona kupitia vumbi, na zikavipiga mabomu humohumo. Tufani ikadumu kama siku tatu, ikapita. Tarehe 9 Aprili Baghdad ikaanguka.

Fikiria kijana aliyesikia hutuba ile. Aliambiwa kwa jina la Allah kwamba ushindi umefika, halafu kwa macho yake akaona kwenye televisheni sanamu inavutwa na vifaru vinaingia mjini. Nani aliyejeruhiwa hapo? Si Marekani. Imani ya yule kijana ndiyo iliyojeruhiwa, na aliyeijeruhi ni khatibu aliyesema asilokuwa na elimu nalo. Allah amekataza katika Surat al-Israa, aya ya 36, kufuata tusilolijua. Upepo wa Ahzab tunausema ni jeshi la Allah kwa sababu Yeye mwenyewe ametuambia. Upepo wa mwaka 2003 nani alikuambia?

Sasa, wanauliza vijana wa ufundi: wanalizuiaje vumbi? Ni elimu yenye manufaa hata kwa barabara ya kijijini kwako, kwa hiyo sikiliza.

Njia kongwe ni ile ya Badri, maji. Ardhi ikilowa, chembe zinashikana. Tatizo ni kwamba jangwani maji ni ya kunywa, na ukimwaga asubuhi adhuhuri pamekauka. Kwa hiyo wakatafuta chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani, kama kloridi ya magnesi na ya kalsiamu. Zinyunyize kwenye njia, nayo inabaki na unyevunyevu. Karibu na bahari zinafaa, kwenye jangwa kavu kabisa hazina cha kuvuta, na vyuma zinavila kwa kutu. Wengine walimwaga mafuta. Vietnam Wamarekani walitumia mafuta ya jamii ya lami kwenye viwanja vya helikopta. Vumbi linatulia, lakini ardhi inabaki na sumu. Siku hizi wana gundi za maji, jamaa ya ile gundi nyeupe ya mafundi seremala. Inachanganywa na maji, inapuliziwa chini, inakauka na kuacha gamba gumu ambalo upepo wa pangaboi hauling'oi. Huko Afghanistan askari waliipachika gundi moja jina la makamasi ya kifaru, na nikiri kwamba askari wa kila taifa wana kipaji cha majina. Gamba hilo linastahimili helikopta, lakini minyororo ya vifaru inalisaga. Pale pa vifaru hakuna ujanja ila kumwaga kokoto au kulaza mikeka ya chuma.

Halafu kuna kuilinda mashine yenyewe. Katika vita vya Afrika Kaskazini, 1940 hadi 1943, ndege za Waingereza zilifungwa chujio kubwa la hewa chini ya pua. Liliokoa injini, likapunguza mwendo wa ndege, na rubani akachagua kati ya injini inayokufa na adui anayemkimbia. Injini za leo zina joto kali kiasi kwamba vumbi likipenya linayeyuka ndani na kuganda kama kioo kwenye mapanga yake. Na wafanyakazi wa vifaru vya Marekani mwaka 1991 walikuwa wakisimama mara kwa mara kukung'uta machujio. Jeshi lenye satelaiti linasimama kukung'uta vumbi kama mama anavyokung'uta mkeka!

Lakini dawa iliyo rahisi kuliko zote ni mwendo wa taratibu. Gari likienda kasi linaandika habari zake angani, na ndege ya adui inazisoma kutoka mbali. Rommel alilijua hilo akaligeuza kuwa silaha: kule Libya alitengeneza vifaru vya bandia juu ya magari madogo, na akaagiza magari yakokote vitu vya kutimua vumbi ili Waingereza wahesabu jeshi ambalo halipo. Hadaa ya aina hii si ngeni kwetu. Al-Qa'qaa' bin Amr alipotoka Sham kuja Qadisiyya na watu elfu moja, aliwagawa makumi makumi, kila kumi watokeze baada ya wenzao, Waajemi wadhani misaada haina mwisho. Ameitaja at-Tabari.

Nimeacha mpaka sasa jambo linaloniuma zaidi kuliko helikopta za Tabas.

Jangwa lina ngozi. Ukilitazama kwa mbali unaona mchanga tu, lakini juu yake Allah ameweka gamba: sehemu nyingine ni vijiwe vilivyopangika kama sakafu, nyingine ni chumvi iliyoganda, nyingine ni vimelea vidogo vidogo vilivyoshonana na udongo. Gamba hilo limejengeka kwa miaka mingi mno, nalo ndilo linalolizuia vumbi lisiamke. Kifaru kikipita mara moja kinalichana.

Alikuwepo mtaalamu wa mimea, Mwingereza, Francis Oliver, aliyefundisha chuo kikuu mjini Cairo kisha akaishi Burg el-Arab, magharibi ya Alexandria. Vita vilipomkuta pale, alifanya kazi ya subira: alizihesabu tufani za vumbi. Kabla ya vita zilikuwa tatu au nne tu kwa mwaka. Majeshi yalipojaa katika jangwa lile, yakiwemo makundi ya vibarua wa jeshi waliotolewa Afrika Mashariki, magari yakasaga ardhi usiku na mchana na tufani zikafika 40 kwa mwaka na kuzidi. Vita vilipohamia mbali, ardhi ikaanza kufunga kidonda chake, na hesabu ikarudi karibu na ilivyokuwa. Alichapisha hesabu zake mwaka 1945. Upepo ulikuwa uleule wa miaka yote. Kilichobadilika ni mikono ya watu, na ukiitafakari Surat ar-Ruum, aya ya 41, inayozungumzia ufisadi uliodhihiri bara na baharini, utaona sihitaji kuongeza neno.

Kuwait baada ya 1991 ilikuwa mbaya zaidi. Iraq ilichimba mahandaki na kuinua matuta, ikazika mabomu, ikachoma zaidi ya visima 600 vya mafuta. Vifaru vya pande zote vikapita juu ya ardhi ileile. Mwanajiolojia wa Kimisri Farouk El-Baz alikwenda kuisoma na akaonya kwamba gamba lililovunjwa lingeachia mchanga utembee na vumbi liongezeke. Mahali pengine moshi na matone ya mafuta vilichanganyika na mchanga vikawa kama lami juu ya jangwa. Hiyo nayo ni njia ya kutuliza vumbi, lakini hakuna mwenye akili atakayeitamani.

Abu Bakr (r.a.) alipolituma jeshi Sham alimuusia Yazid bin Abi Sufyan asikate mti wenye matunda, asibomoe penye makazi, asiue kondoo wala ngamia ila kwa kula. Usia huo umo katika Muwatta ya Imam Malik. Farasi na ngamia wa zama zile hawakuweza kuchana ngozi ya jangwa kwa miaka, kwa hiyo hakuitaja. Mimi naona mwenye kuufahamu usia ule hawezi kusema ardhi yenyewe haimo, kwa kuwa mti unamdhuru mmoja ukikatwa, na vumbi linamfikia mtoto aliyezaliwa baada ya vita.

Na linamfikia kweli. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kuwahudumia askari wake waliougua kwa moshi wa mashimo ya taka na vumbi la Iraq, Afghanistan na kwingineko. Askari aliyekaa mwaka mmoja amepata haki yake, na hilo ni jema. Mama wa Basra aliyezaliwa pale, akanyonyesha pale, akafagia vumbi lile kila asubuhi tangu 1991, hana sheria inayomtaja.

Kwa hiyo mlioniuliza kuhusu video, jibu langu ni hili. Helikopta ni za kweli, vumbi ni la kweli, waliokufa ni wanane, na wamekufa kwa vumbi walilolipandisha wenyewe. Kama umeisambaza na maneno yale, ongeza maelezo haya chini yake au uifute. Wanaotaka darasa la Khandaq na upepo wake, tutalifanya Alhamisi baada ya Isha, inshaallah.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.